Siku Dada Alipokunja Taulo za Watu

Mtu asiniambie tena habari za maziwa ya moto. Dada yangu ameyanywa mpaka hataki hata kuyaona. Ameoga maji ya vuguvugu, amenusa majani ya kila aina, amezima simu, amezunguka jengo lao jioni mpaka walinzi wakamzoea, na bado kukipambazuka unamkuta kaketi kitandani, mgongo ukutani, macho makavu. Vidonge vya hospitali alivimeza siku chache akaviacha. Vilimfanya ayumbe mchana, na kazi yake haitaki mtu anayeyumba.

Kazi yake ni kunyoosha mashuka. Nyuma ya kituo cha zimamoto kuna kiwanda cha kufulia nguo za hospitali na hoteli, jengo refu lenye mabomba yanayotoa mvuke tangu alfajiri. Ndani kuna mashine yenye mapipa ya chuma, marefu, ya moto, yanayozunguka taratibu. Wanawake wawili wanashika shuka bichi, kila mmoja na pembe zake, wanalilisha mashine, nalo linatokea upande wa pili kavu, limenyooka, halina hata mkunjo. Dada amesimama mbele ya mapipa hayo tangu mimi bado navaa sare za shule. Ncha za vidole vyake zimekuwa sugu kwa joto, na chungu cha moto anakitoa jikoni kwa mikono mitupu huku anakusimulia habari za jirani.

Basi juzi juzi alisinzia amesimama. Shuka likaenda, na mkono wake ukaenda nalo, mpaka mwenzake akapiga ukelele na kuizima mashine. Nguo iliungua hadi kiwiko, mkono ukasalimika. Msimamizi wao si mtu mbaya, ila hana maneno ya kuzunguka. Alimwambia, "Mama, nakupa wiki nzima. Ukirudi umelala, mashine yako hii hapa. Ukirudi hivi ulivyo, utakaa getini uandike namba za magari, maana mimi sitaki kuja kuokota vidole vya mtu sakafuni." Getini! Mwanamke ambaye nusu ya jiji hili imelalia mashuka aliyoyanyoosha yeye, akakae kwenye kibanda kuandika namba za magari. Dada alilia siku ile kuliko alivyolia msibani.

Na kisa chenyewe kilianzia msibani. Shemeji yangu alifariki mwanzoni mwa mwaka, ameinama anafunga kamba za viatu, moyo ukasimama, basi. Alikuwa dereva wa lile gari la kufagia barabara, lenye mabrashi makubwa ya kuzunguka, linalopita watu wakishaingia majumbani. Dada alimwita Dereva, mbele ya wageni, mbele ya mama mkwe, popote. Mimi na Shemeji tulitaniana mpaka wapangaji wenzao wakadhani tuna ugomvi. Nilimwambia kaoa fundi wa kufua ili asinuke vumbi. Yeye akaniambia mdomo wangu ukifungwa magurudumu utafagia jiji zima bila tone la mafuta. Namkosa yule mtu. Nasema wazi, namkosa sana.

Mimi ni msusi. Mdomo ni sehemu ya kazi, na hasira zangu zinakaa karibu karibu. Tangu tumzike Shemeji nimekuwa nalala kwa Dada. Nafunga saluni mapema, nafika jua bado liko juu, tunapika, tunakula, tunazima taa, mimi nalala fofofo, yeye anabaki kutoa macho gizani. Asubuhi ananiambia, "Umekoroma vizuri, mdogo wangu." Anaposema hivyo natamani nigawe usingizi wangu kwa kijiko, nimpe nusu.

Aliyetuletea wazo la maji ni mteja wangu, mkata tiketi wa ile bustani ya maji iliyo katikati ya jiji, ya ndani, chini ya paa la vioo. Nilikuwa namsuka huku namwagia yote ya moyoni. Akasema, "Mlete kwetu. Pale kuna mabwawa ya moto, kuna sauna, watu wazima wanasinzia mpaka tunawaamsha kwa kengele." Akatupatia tiketi za wafanyakazi. Dada alikubali shingo upande. Ilikuwa siku ya mwisho ya wiki yake, na kesho yake alitakiwa kusimama mbele ya mashine.

Nje kulikuwa na mvua nyembamba na kibaridi, tumejikunja ndani ya makoti. Tukasukuma mlango wa kwanza wa kioo, tukasukuma wa pili, na joto likatupokea usoni, joto zito lenye harufu ya dawa ya maji. Miwani ya Dada ikajaa ukungu, akasimama palepale mlangoni haoni kitu, anacheka. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomsikia akicheka. Kule kwenye vyumba vya kubadilishia tukavaa nguo za kuogelea nilizonunua mimi, za mikono mirefu, zenye maua makubwa kupita kiasi, tukajitazama kwenye kioo tukavunjika mbavu. Dada akasema, "Tumekuwa mapazia."

Ukumbi wenyewe sijui niueleze vipi. Ni mkubwa, na sauti zote zinapanda juu kwenye vioo, zinachanganyika huko, zinarudi chini zimekuwa sauti moja laini isiyo na maneno. Mvua inateleza juu ya paa, na mwanga wa maji unachezacheza kwenye nguzo, kwenye kuta, kwenye nyuso za watu. Kila mtu anatembea polepole, pekupeku, kalowa. Huwezi kujua nani ni daktari na nani anafagia wodi yake. Mzee mmoja mwenye kitambi alipita mbele yetu amefumba macho nusu, anatabasamu peke yake, akaingia kwenye mvuke, mvuke ukamfunika akapotea kabisa. Nikamwambia Dada, "Tumeshaanza kuota, bado hata hatujalala."

Kuna mto pale ndani. Si mto wa kweli, ni mfereji wa maji ya vuguvugu unaozunguka ukumbi mzima na kukurudisha ulipoanzia. Unakaa kwenye boya, unaachia miguu, unabebwa. Tukabebwa. Tulipita chini ya madaraja madogo, tukapita kwenye kijipango chenye taa za bluu ambako sauti zote zilizimika likabaki tone moja tu linalodondoka, tukatokea tena kwenye mwanga. Dada alikuwa amelaza kichwa nyuma, masikio ndani ya maji, mikono imefunguka. Vidole vyake vilikuwa vinakatakata maji taratibu. Niliacha hata kupumua. Nikasema moyoni, tulia, usimguse, usingizi ndio huo unakuja.

Akafumbua macho. "Nimelala?"

"Hapana."

"Nilidhani nimelala."

Tukazunguka tena, na tena, mpaka ngozi za viganja zikajikunja. Kila mara kope zilishuka, na kila mara palepale chini ya daraja la mwisho zikapanda.

Haya, tukaenda sauna. Mkata tiketi alisema hiyo ndiyo dawa yenyewe, hata mtu mwenye kesi mahakamani atasinzia humo. Ni chumba cha mbao, kuna ngazi za kukalia, na pembeni mawe ya moto ndani ya kizimba. Watu wamekaa humo wamelegea, wametoa jasho, vichwa vimeinama, mmoja anakoroma kwenye kona. Mimi nilikaa ngazi ya chini na nikajua nitakufa. Dada akapanda ya juu kabisa, akaketi wima, akapangusa miwani, akatazama huku na huku. Mwanamke mmoja akamimina maji juu ya mawe, mawe yakachemka, joto likatushukia sote, watu wakaguna. Dada akauliza kwa adabu zake zote, "Samahani, joto lenyewe huwa linakuja saa ngapi?"

Hee! Watu walicheka mpaka yule wa kwenye kona akazinduka. Ndipo nilipoona ujinga wetu. Nimemchukua mtu anayekaa mbele ya mapipa ya moto tangu alfajiri, nimemleta kwenye kijichumba cha mbao ili eti joto limlegeze. Kwake ilikuwa kama kupita jikoni.

Wengine walipotoka tukabaki wawili. Akasema bila kunitazama, "Unajua, mimi si kwamba sijakubali. Nilimvalisha mwenyewe nguo zake za mwisho. Kichwa kinajua kabisa kwamba amekufa. Lakini masikio hayajaambiwa. Taa ikizimwa tu, yanaanza kusikiliza mlango. Nayaambia, laleni, hakuna anayekuja. Hayasikii."

Hapo nikapandwa na hasira, sijui kwa nini. Nilimkasirikia Shemeji kwa kuinama kufunga viatu. Nilimkasirikia msimamizi wa kiwanda na lile geti lake. Nikamwambia Dada anisubiri kwenye viti pale kando ya bwawa kubwa, mimi naenda kwenye bomba la kutelezea. Kweli nilikwenda, mtu mzima na nguo yangu ya mapazia, nikapanga foleni na watoto, kwa sababu nilitaka kupiga kelele mahali ambapo kupiga kelele kunaruhusiwa. Nilipiga kelele tangu juu hadi chini. Nikapanda tena, nikapiga tena. Bomba lile ni jeusi ndani, unateremka gizani na sauti yako mwenyewe inakukimbilia kwa nyuma, kisha unatemwa kwenye mwanga na maji. Nilipotoka mara ya mwisho nilikuwa mwepesi, machozi na maji ya bwawa vimechanganyika, hakuna wa kuuliza.

Nikasikia vurugu upande wa viti.

Sasa ngoja nieleze. Kwenye kiwanda cha Dada kuna sheria moja ambayo haijaandikwa popote ila kila mwanamke wa pale anayo mwilini: kitambaa hakiachwi wazi. Shuka likiwa juu ya meza limekunjuka, anayepita analikunja, hata kama si zamu yake, hata kama anaenda chooni. Kitambaa kilichoachwa wazi ni aibu ya zamu nzima. Na kwenye bustani ya maji kuna sheria nyingine, ambayo nayo haijaandikwa: taulo likitandazwa juu ya kiti maana yake kiti kina mwenyewe, yuko majini, atarudi.

Dada alikaa pale, akaona viti vingi mno, na juu ya kila kiti taulo limetandazwa, hakuna mtu. Akavumilia kidogo. Akakunja la karibu. Kisha la pili. Kisha akainuka. Nilipofika alikuwa amemaliza safu nzima na ya nyuma yake, taulo zote nyeupe, zote za bustani, hazina alama, amezikunja mara tatu mara tatu kama anavyojua yeye, amezipanga kwenye meza ya mawe kando ya ukuta unaopashwa joto, kingo zote zimelingana. Na viti vilivyobaki vitupu vimeshakaliwa na kundi la watu walioingia sasa hivi.

Wenyewe wametoka majini wanatetemeka. "Taulo langu liko wapi?" "Wewe mama, hicho ni kiti changu!" "Chako kivipi, nimekikuta kitupu!" Yule mzee wa kitambi, aliyepotelea kwenye mvuke, ameibuka, anadondosha maji, anazunguka na kuuliza kila mtu kwa huzuni kama kapotelewa na mke. Bibi mmoja kawashika wajukuu mkono, anatangaza kwamba hapa kuna wezi. Katikati yao kasimama Dada, taulo moja kifuani bado hajalimaliza, macho yamemtoka.

"Nilidhani zimeachwa," akasema.

Mimi huwa sina subira Dada akizingirwa. Nikajitosa. "Kwani kuna lililokunjwa vibaya? Kuna lililochafuka? Mtu anawafanyia kazi bure mnampigia kelele?"

"Kiti changu je?" akauliza mzee.

"Hicho kiti ulizaliwa nacho?"

"Mdogo wangu, nyamaza," Dada akasema, na nikanyamaza, kwa sababu aliona haya kweli. Akaanza kugawa taulo, mmoja mmoja, kwa mikono miwili, anaomba radhi kwa kila mtu. Zilikuwa zimepata moto wa ukuta. Yule bibi alipokea lake bado amenuna, akalifunua, akaliweka usoni, akavuta joto lake. Mzee wa kitambi alijifunga lake akasema, "Loo." Kelele zikapungua zenyewe, ila ugomvi wa viti ukabaki, na hapo akaja msimamizi wa ukumbi, binti mwenye filimbi shingoni.

Alisikiliza pande zote. Alijitahidi asicheke, nilimwona. Mwisho akamwambia Dada, "Mama yangu, nakuomba. Nenda kule mwisho, kuna chumba cha mapumziko. Kaa huko. Huko hakuna kitu cha kukunja."

Basi tukafukuzwa, kwa heshima lakini tukafukuzwa. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, nusu giza, kina vitanda vya mawe vyenye joto na dirisha moja refu la kioo lenye mvua. Kupitia ukutani unasikia maji ya ukumbini yakipumua. Hapakuwa na mtu. Dada alijilaza ubavu, uso ukutani, akasema, "Nimekuaibisha."

"Umenifurahisha," nikamwambia. "Ngoja nilete makoti na chai tunywe, halafu twende nyumbani." Niliona tumeshindwa. Kesho angeenda kukaa getini, na hilo ndilo nililokuwa nikilifikiria nikitembea kwenda makabatini.

Kabati lilikataa kufunguka. Nilibishana nalo, nikabishana na fundi wake, nikapanga foleni ya chai, chai ikaisha, wakachemsha nyingine. Nilikawia hasa. Niliporudi chumba kilikuwa na giza zaidi, mvua imeongezeka. Mikono imejaa, nikasukuma mlango kwa bega, ukalia kidogo kwenye bawaba, nikauachia ukajifunga nyuma yangu.

Dada akasema, kwa sauti ya chini, bila kugeuka, "Umechelewa leo, Dereva."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimweleze habari za kabati. Nikaufunga. Ile sauti sikuwa nimewahi kuisikia, miaka yote hii. Ilikuwa sauti ya mwanamke aliye ndani ya nyumba yake, haina huzuni hata kidogo, ina lawama kidogo tu, ile ya mtu ambaye hana wasiwasi kwamba utafika.

Nikasimama na vikombe vyangu viwili. Nilijua nikikaa kimya ataendelea kusikiliza, na nikisema "ni mimi" ataamka.

"Nimefika," nikasema. "Lala."

Akashusha pumzi ndefu, ndefu sana, nadhani alikuwa ameibana tangu mwanzo wa mwaka. Akajisogeza ukutani, akaacha nafasi. Kisha akalala. Si kusinzia, akalala, mdomo wazi, mkono umeanguka, anakoroma kwa sauti nene ambayo kumbe Shemeji alikuwa akiisikia kila siku na hakuwahi kutusimulia.

Nikakaa sakafuni pembeni yake nikalia, na huku nalia nikajiona kichwa maji. Miezi yote hii tumemzunguka, tunafika mapema, tunampikia, tunazima taa tukiwa sote ndani, eti asiwe peke yake. Watu wote wako ndani, mlango hauna wa kuufungua. Atalalaje? Dada alikuwa na mtu wa kumngojea maisha yake yote ya ndoa, na sisi tukamletea maziwa. Nikakata shauri palepale. Kuanzia siku ile saluni itafungwa kwa kuchelewa, wateja watafurahi, na mimi nitafika kwake wakati ule magari ya kufagia yanaporudi, nitafungua mlango kwa kelele za kutosha, nitavua viatu. Nitafika kila siku, na masikio yake yazoee polepole kwamba sasa anayefika ni mimi.

Chai ilipoa. Kwenye kioo mvua ilikuwa inashuka mistari mistari, na mwanga wa ukumbini uliingia chini ya mlango ukawa unacheza juu ya miguu yake. Sijui tulikaa muda gani. Nilisikia kengele ya kufunga ikilia mbali, nikasikia watu wakitoka majini, milango ya makabati ikigongwa, watoto wakilia hawataki kwenda, kisha taratibu kila kitu kikanyamaza. Dada hakutikisika.

Yule binti mwenye filimbi akafungua mlango, akawasha taa ndogo. Akatutazama, mmoja kalala, mwingine kakaa sakafuni na vikombe vya chai baridi.

"Dada, samahani, tunafunga," akaniambia. "Mwamshe mama."

Nikainuka, nikaweka kidole mdomoni, nikamsogelea mpaka mlangoni.

"Tuvumilie kidogo tu, mdogo wangu," nikamnong'oneza. "Mume wake ndiyo kwanza ameingia."